Bunduki Iliyorudishiwa Ujana

Nakumbuka mchana mmoja wa manyunyu huko Bweyeye, mwanangu, mume wangu Fideli ameketi mlangoni na bunduki ya babake mapajani, anaisugua kwa majivu na mafuta ya mawese huku akiimba. Ukiniuliza mara ya mwisho nilimwona na furaha lini, nitakuonyesha mlango ule. Siimbi tena wimbo ule, na mtu akiuimba karibu yangu ninaondoka.

Nakuambia mapema ili usikae ukingoja mwisho mwema. Haupo. Fideli alikufa kwa sababu ya bunduki ile, na siku aliyokufa haikutoa risasi hata moja. Mimi ni mjane, na sisi wajane tunasikilizwa siku ya matanga tu; kesho yake watu wanarudi kwenye mambo yao. Lakini umeniomba neno la kukusaidia maishani, na hili ndilo nililonalo. Kaa basi. Zima hiyo simu.

Bunduki ilikuwa ya baba mkwe wangu, Mzee Karoli. Alipokuwa kijana alikimbia kutoka Rwanda akavuka kwenda Kongo, na huko, kwenye vilima vya juu ya Bukavu, mzungu mmoja wa kahawa akamwajiri awe mwindaji wake. Kazi yake ilikuwa kuwapatia wafanyakazi nyama na kufukuza nyati mashambani. Fujo zilipotokea mzungu akapanda gari na familia yake, akamwachia Mzee bunduki, akasema watunzane. Wakatunzana kweli. Siku moja nyati alimrusha Mzee, kitako cha bunduki kikapasuka, naye akakifunga kwa ngozi nyeupe ya mbuzi, manyoya yake yakiwa bado juu, akazungusha waya wa shaba. Tangu hapo watu wakaiita Muzee, kama mwenyewe. Hata mtoto mdogo aliiona kutoka kilima cha pili akasema, yule anakuja Muzee.

Sasa sikiliza jambo moja, maana yote yanaanzia hapo. Wawindaji wa kule walikuwa na desturi yao. Mtu akitoka porini, kabla hajafika penye watu, analitoa komeo la bunduki, kile chuma cha kusukumia risasi kwenye mtutu, analiinua juu kwa mkono wa kulia. Bunduki yenyewe inaning'inia mgongoni, mdomo chini. Bunduki isiyo na komeo ni bomba la maji tu, na kila anayekuona anajua kwamba hukuja kuua mtu. Mzee Karoli hakuacha kufanya hivyo hata siku moja. Tulikuwa tunamtania kwamba hata akienda msalani atainua komeo. Fideli alifundishwa desturi hiyo kabla ya kujua kusoma.

Kisha tukarudi Rwanda. Sisi tuliozaliwa Kongo tulirudi na magodoro na sufuria, tukiimba kwenye lori, maana nchi ile tulikuwa tunaisikia tu kwenye hadithi za wazee. Mzee alirudi akiwa na ndugu zake kichwani, wale ambao hawakukimbia, waliobaki Bweyeye. Hakumkuta hata mmoja hai. Alikuta msingi wa nyumba yao umeota magugu. Alizunguka msingi ule polepole, akaketi kwenye jiwe la mlangoni, na ni kama hakuinuka tena. Alikuwa anakula kwa sababu nimempa chakula, analala kwa sababu giza limeingia. Eh, mwanangu, kuna watu wanaokufa na kuzikwa baadaye sana. Nimemhudumia mmoja, najua ninachosema.

Tulijenga palepale, kando ya msitu wa Nyungwe. Nguruwe pori walikuwa wanakuja kwenye mahindi kana kwamba tumewaalika. Kamanda wa kituo cha askari aliitazama Muzee, akacheka, akamruhusu Mzee abaki nayo kwa ajili ya nguruwe tu, kwa sharti kwamba kila Jumapili baada ya misa aipeleke kituoni waione. Kulikuwa na koplo mmoja hapo, kijana mchangamfu aliyekulia ukimbizini Tanzania, ambaye akimwona Mzee anapanda kile kilima, komeo juu, ngozi nyeupe ikipepea, alipiga kelele, "Wazee wawili hao wanakuja! Leo nani kambeba mwenzake?" Mzee akatabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu lake la wiki nzima. Koplo huyo alikuwa anakuja kwetu kunywa uji, na aliniita Maman ingawa nilimzidi miaka michache tu.

Lakini Muzee ilianza kukataa. Unavuta, inalia tik, nguruwe anakutazama kisha anaendelea kula. Fideli alikuwa seremala. Kitu kilichoharibika hakikumpa usingizi. Siku moja akaniambia, "Consolata, nataka nijue hii bunduki ina miaka ngapi. Papa mwenyewe hajue. Nikijua, nitajua vya kuitengeneza." Akaomba ruhusa kituoni, akaifunga kwenye gunia, tukatembea hadi pale malori yanapopita, tukaenda Kamembe. Mimi nilikwenda kununua chumvi na sabuni, na kusema kweli nilikwenda kwa sababu nilikuwa na mimba yangu ya kwanza na nilitaka kutembea na mume wangu mjini.

Fundi alikuwa Papa Zakaria, aliyewahi kutengeneza bunduki za wazungu wa mashamba kule Bukavu. Alifanyia kazi uani kwake, nyuma ya soko. Aliiweka Muzee juu ya meza, akaigeuzageuza, akaivua ngozi na waya taratibu. Pale mtutu unapokutana na mwili wa bunduki akapaka mafuta, akangoja, akafuta kutu kwa kitambaa. Zikatokea alama ndogo ndogo: taji, herufi ndani ya duara lililorefuka kama yai, na kando yake herufi moja peke yake.

"Hii ya taji ni ya Ubelgiji," akasema. "Na hii moja iko mwaka. Kila mwaka kule walibadilisha herufi." Akafumba macho, akahesabu alfabeti kwa vidole mithili ya mtoto wa shule, akataja mwaka.

Fideli akaruka. "Njo mwaka wa Papa! Iko kwenye karata yake ya kitambulisho! Walizaliwa pamoja!"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Papa Zakaria naye akacheka. Kisha akasema mtutu bado ni mzima, ila kamani ya sindano, ile springi inayosukuma sindano igonge risasi, imechoka. Atatia nyingine, Fideli agundishe ule ufa kwa gundi nzuri, apake mafuta, basi. "Muzee kama huyu unamupa dawa," akasema, "haumuvalishi nguo za harusi."

Laiti tungeishia hapo. Laiti lile lori lingetuletea nyumbani kamani na gundi tu.

Njiani Fideli hakunyamaza. Walizaliwa mwaka mmoja, Consolata. Unaona? Walichoka pamoja. Nikiifanya bunduki kuwa mpya, Papa akiiona inang'aa kama siku ile mzungu alipomwachia, atakumbuka alivyokuwa. Atainuka kwenye lile jiwe. "Nitamrudishia ujana wake," akaniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. Usimcheke, mwanangu. Mtu anayemwona babake anazama kila siku atashika chochote. Mimi sikumcheka wakati ule, na sasa ndiyo kabisa.

Siku zile vita vilikuwa vimewaka upande wa pili wa mto, Kongo, na soko la Kamembe lilijaa vitu visivyo na mwenyewe: vitanda vya watu, redio za watu, picha za harusi za watu ambao hatukuwajua wako wapi. Safari nyingine huko, Fideli akapata darubini ya kuwekwa juu ya bunduki, ndani ya mfuko wa ngozi. Akaibadilisha kwa mbuzi wetu jike, yule mwenye maziwa. Nilinuna siku nzima. Nikamwambia, "Mtoto wako akizaliwa utamnywesha kioo?" Akanikumbatia, akaniambia nitaona.

Akachonga kitako kipya cha libuyu, mti wa mbao ngumu wa kule kwetu, kizuri, Mungu ni shahidi, laini kama shavu. Akakipaka rangi nyeusi kwa sababu bunduki zote alizoziona vitani zilikuwa nyeusi. Mtutu akaupaka weusi pia. Akashona mkanda mpya. Ngozi ya mbuzi na waya wa shaba akavitupa kwenye kikapu cha maranda. Akarudi kwa Papa Zakaria kufungiwa darubini, na akaniletea maneno ya fundi akiyacheka. Fundi alikuwa amemwambia: mkono wa komeo utagonga hii darubini. Nitaukunja, itafunguka, itapiga, lakini kulitoa komeo lote, hapana, mpaka ufungue skrubu kwanza.

"Nikamuuliza, nilitoe lote kwa nini?" Fideli akasema.

"Naye?"

"Akanitazama tu. Akasema, weye njo mwana wa mwindaji, usiniulize mimi."

Nami sikushtuka. Nilikuwa napepeta maharage. Neno lilipita mbele yangu likaenda zake.

Jioni ya siku aliyorudi akamwekea babake bunduki mapajani. Mzee aliitazama sana. Akapitisha kiganja kwenye kitako. Nilitaka lile tabasamu, na Fideli alikuwa amechuchumaa mbele yake kama mtoto anayeonyesha daftari.

"Iko wapi ngozi?" Mzee akauliza.

"Nimeitoa, Papa. Hii ni mpya sasa. Ni ileile, lakini mpya. Nimejua na umri wake, mlizaliwa mwaka mmoja!"

"Umri wangu uko wapi? Nionyeshe."

Fideli akainama kutafuta ile herufi, kisha akakumbuka. Ili kile chuma cha kushika darubini kikae vizuri, walikuwa wamesugua pale juu kwa tupa. Herufi haikuwepo tena. "Ilikuwa chini ya hiki chuma," akasema kwa sauti ndogo.

Mzee akashika komeo, akalivuta alitoe. Likafika nusu, likagonga, likakataa. Akavuta tena. Sikuwa nimewahi kumwona na hasira tangu turudi, na siku ile niliiona, na nilifurahi kijinga kwamba kumbe hasira bado anayo.

"Fideli. Batu banajua Muzee toka mbali. Batoto banaijua. Ile askari anaijua. Hii nani anaijua? Umeondoa uso wake, umeondoa na mkono wake. Sasa ukitoka porini utabaonyesha nini?"

"Papa, nitalilegeza komeo, nitapunguza..."

"Kesho hauende nayo shambani. Unaenda kituoni kwanza. Baione, baishike, baijue. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa. Lakini Jumapili iko karibu, tutaipeleka tu. Nguruwe wamemaliza mstari mzima jana."

Mzee alirudisha bunduki polepole kwenye mikono ya mwanawe, akaenda kwenye kikapu cha maranda, akachambua mpaka akaipata ile ngozi, akaikung'uta, akaingia nayo ndani. Fideli akanitazama, nikainua mabega. Wazee, mwanangu, tunawaona wanachelewesha mambo. Na wewe sasa hivi unaniona hivyohivyo, usibishe.

Asubuhi ukungu wa Nyungwe ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Wiki ile watu wenye silaha walikuwa wametoka msituni wakachoma nyumba kwenye kilima cha jirani, na askari wa kituo walikuwa wanazunguka na roho mkononi. Fideli alijua. Sote tulijua. Lakini nguruwe walikuwa wanakoroma mahindini, na yeye alijiona ni mtu wa nyumbani, anayejulikana na kila mtu. Akachukua bunduki akaenda pembeni mwa msitu. Mimi nikashuka kwenye maharage, chini, na tumbo langu.

Ukungu ulipoanza kuinuka nikasikia sauti kutoka mteremko wa pili: "Simama hapo! Wewe ni nani?"

Nikainua kichwa. Fideli alikuwa ametoka kwenye miti. Akasimama. Kisha akafanya kile alichofundishwa kabla ya kujua kusoma. Akageuza mdomo wa bunduki chini, akashika komeo ili alitoe, aliinue juu, waone.

Likakataa.

Akavuta. Akainama juu ya bunduki, akavuta tena kwa nguvu, bega likipanda na kushuka. Mimi nilijua anachofanya. Duniani pote asubuhi ile ni mimi na babake tu tungeweza kujua anachofanya. Nikapiga kelele, "Analitoa! Analitoa komeo!" Sauti yangu ikaishia kwenye maharage. Kule mteremko wa pili walimwona mtu wa ukungu mwenye bunduki nyeusi ya darubini, ameambiwa asimame, naye ameinama anavutavuta komeo. Wewe ungeona nini? Mimi nimejiuliza miaka yote, na ningeona walichokiona.

Mlio ulikuwa mmoja.

Nilipofika, koplo alikuwa amefika kabla yangu. Yuleyule wa uji. Alikuwa amemgeuza Fideli uso juu na alikuwa anamtikisa, "Fideli? Fideli, Muzee iko wapi? Muzee iko wapi, kaka?" Kisha akaniona, na tumbo langu, akaketi kwenye tope na sare yake. "Nilitafuta ile ngozi nyeupe, Maman," akasema. "Nilingoja ainue mkono. Wallahi nilingoja." Ni kweli alingoja. Nilikuwepo, niliona kwamba alingoja.

Nilitaka kumchukia. Nakuambia ukweli, nilijaribu kwa bidii, ingenisaidia kuwa na mtu wa kumchukia. Haikuwezekana. Fideli naye sikuweza kumkasirikia, maana alifanya yote kwa upendo. Basi uchungu ukakosa pa kwenda, ukakaa hapa kifuani, na mpaka leo haujapata njia. Watu wanasema wakati unaponya. Waambie waje kwangu, nitawakaribisha chai, waniambie hayo wakinitazama usoni.

Bunduki ilichukuliwa kituoni, sijui ilikoishia. Mzee Karoli hakusema neno la kumlaumu mtu. Alimfunika mwanawe kifuani kwa ile ngozi ya mbuzi kabla hatujafunga jeneza. Na tangu siku ile, mwanangu, kila alipokaribia watu, iwe kanisani, iwe kisimani, iwe kwa jirani kuomba moto, aliinua mkono wake wa kulia. Mtupu. Hakuwa na bunduki wala komeo, lakini aliinua kiganja juu na kutembea hivyo mpaka amefika. Watoto walimcheka. Jumapili aliendelea kupanda kile kilima cha kituo, na koplo, mpaka siku alipohamishwa, alisimama wima kumngoja bila utani wowote. Alipokuwa anakufa, padri aliingia na mafuta, na Mzee akakusanya nguvu zote zilizobaki akauinua mkono kutoka kwenye blanketi. Padri alidhani anamsalimia.

Mwanangu wa tumbo alizaliwa baada ya matanga. Ana mikono ya babake. Nimemsimulia haya yote, ananisikiliza nusu, kama wewe. Sina tumaini kubwa na maneno, mwanangu. Mzee alisema maneno yaliyo sawa, kwa lugha iliyo sawa, siku moja kabla, na hayakumsaidia mtu.

Hata hivyo nitayasema, kwa sababu mzee asipoyasema atafanya nini kingine? Kitu ulichoachiwa na wakubwa wako, ujue kwanza umri wake, kisha uuheshimu huo umri. Kabla ya kukiondolea kiraka, uliza kiraka kile kinafanya kazi gani, usidhani ni uchakavu tu. Ukikibadilisha, wapelekee kwanza wanaoishi nawe wakione mchana, kabla hujatoka nacho peke yako. Na kitu pekee ambacho hutakigusa, hata kwa upendo, hata kwa ajili ya babako, ni kile kinachowaambia watu kwamba hukuja kuwadhuru. Na mzee akikwambia kesho, iwe kesho. Usimpangie Jumapili.

Sasa nenda, kabla mvua haijashuka. Mungu akupe miaka mingi, na asione haya kukuzeesha. Akupe jirani wanaoujua mwendo wako kutoka kilima cha pili. Na siku utakapotoka kwenye ukungu, ukaambiwa simama, mkono wako uwe mwepesi kuinuka, na anayekutazama auone.